Kabla Hujaacha Ugali na Maharage kwa Ajili ya Tumbo

Kila tarehe 29 Mei dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Mfumo wa Mmeng'enyo wa Chakula. Safari hii kitengo chetu cha lishe kimechagua jambo linalotuletea maswali mengi kliniki: wagonjwa wa tumbo wanaofika wakiwa tayari wameanza mlo wa Paleo, yaani ulaji wa kuiga watu wa zama za mawe. Wengi wameupata kwenye makundi ya simu, wameacha ugali, wali, chapati, maharage na maziwa, na sasa wanaishi kwa nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na korosho. (Karanga hazimo. Karanga ni jamii ya kunde, na anayezila akidhani yuko kwenye Paleo hayuko.)

Hatuna ugomvi na mlo wenyewe. Mtu akiacha soda, soseji na maandazi ya kila asubuhi, akaongeza mboga na samaki, sisi tunashukuru. Wala wazo hili halikuanza jana. Mwaka 1975 daktari wa tumbo wa Marekani, Walter Voegtlin, alipendekeza ulaji wa watu wa zama za mawe akiamini unasaidia magonjwa ya tumbo. Tatizo letu ni mpangilio. Watu wanaanza na mlo, kisha ugonjwa unatafutwa baadaye, na wakati huo mlo umeshafuta nyayo za ugonjwa huo.

Tuanze na jina la ugonjwa. "Nina vidonda vya tumbo" limekuwa jibu la kila maumivu kati ya kifua na kitovu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa. Vidonda vya tumbo vingi husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo na kazi yake katika vidonda. Maharage hayaleti vidonda. Tumeshasema hili mara nyingi na tutaendelea kulisema. Na nyama choma, hata ukila mwaka mzima bila tonge la ugali, haimuui bakteria huyo. Anauawa na dawa za mchanganyiko zinazotolewa na daktari, kwa kawaida siku 14, zote, hata kama maumivu yameisha siku ya tano.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo muda na fedha za wananchi zinapopotea.

Kipimo cha choo cha kutafuta H. pylori kinahitaji uwe umeacha omeprazoli na dawa za kundi lake, zile za kupunguza asidi tumboni, kwa wiki 2, na antibayotiki kwa wiki 4. Usipofanya hivyo kipimo kinaweza kusema huna bakteria ilhali unaye. Ukimaliza dozi, usirudi kupima wiki inayofuata. Subiri angalau wiki 4. Anayekuja kabla ya muda huo tunamrudisha nyumbani, na tunaomba asilichukulie hilo kama manyanyaso.

Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, kile cha kadi ya zamani ambacho bado kinatumika sehemu nyingi, huchanganywa na nyama nyekundu. Mtu wa Paleo anayekula ng'ombe au mbuzi mchana na jioni anaweza kuonekana anavuja damu tumboni kumbe ni damu ya mbuzi. Acha nyama nyekundu siku 3 kabla, na vidonge vya vitamini C pia, maana hivyo hukosesha upande wa pili: damu ipo, kadi haionyeshi.

Kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni kinataka tumbo tupu kwa angalau saa 6. Supu ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Ukija umekunywa, kipimo kinaahirishwa na unapangiwa siku nyingine, hata kama umesafiri usiku kucha. Kama utapewa dawa ya usingizi, njoo na ndugu mtu mzima wa kukurudisha. Bila yeye hatukupi dawa hiyo.

Lakini kosa linalotuumiza zaidi linahusu ngano. Kuna ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba pale mtu anapokula gluteni iliyomo kwenye ngano na shayiri. Kipimo chake cha damu hutafuta alama za shambulio hilo. Ukiacha ngano miezi mitatu, shambulio hutulia, alama hufifia, na kipimo kinaweza kutoka safi. Ndipo tunalazimika kumwambia mgonjwa aliyepata nafuu arudi kula mkate au chapati kila siku kwa takribani wiki 6, aumwe tena, ndipo apimwe. Tumeona watu wakilia kwa agizo hilo. Laiti wangepima kwanza.

Wengine hupata nafuu ya kweli bila kuwa na siliaki. Ngano na maharage yana sukari ambazo utumbo haunyonyi vizuri. Bakteria huzichachua na gesi hujaa. Mwenye utumbo unaosokota kwa urahisi huumia zaidi. Ila sukari za aina hiyo zimo pia kwenye vitunguu maji, vitunguu saumu, maembe na asali, na Paleo inaviruhusu vyote. Matokeo yake mgonjwa anakula nyama iliyokaangwa kwa vitunguu, anamalizia na embe, tumbo linajaa, naye anadhani hajajinyima vya kutosha. Anaondoa chakula kingine. Mwishowe sahani ina nyama na tango, na uzito umeshuka kilo kadhaa.

Kwa wenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi yenye vidonda, magonjwa ya muda mrefu ya kuvimba kwa utumbo, tunasema kwa tahadhari zaidi. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2017 uliwafuata wagonjwa 15 waliokula Paleo ya masharti makali. 11 walipata utulivu wa dalili kufikia wiki ya 6. Ni habari njema, na hatuifichi. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, na karibu nusu yao walikuwa kwenye dawa za kibayolojia, zile zinazozuia kinga ya mwili isichochee uvimbe. Hakuna aliyeambiwa atupe dawa, na sisi hatumwambii yeyote. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, hasa haikatwi ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Dawa hiyo hudhoofisha mifupa, na mtu mzima anahitaji takribani miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Ukiacha maziwa, kula dagaa wazima na mifupa yao, na usitegemee mchicha, maana kalsiamu yake hufungwa na oksaleti. Anayetumia sulfasalazini, dawa nyingine ya magonjwa haya, hunyonya folati (aina ya vitamini B) kidogo, na maharage aliyoyaacha yalikuwa chanzo chake kikubwa. Mwambie daktari akuandikie vidonge.

Tunaulizwa pia kuhusu Wahadza wa Ziwa Eyasi, kwamba mbona wao wanaishi kwa kuwinda na hawaumwi tumbo kama sisi. Wahadza hawaishi kwa nyama pekee. Wanakula asali, ubuyu, matunda ya porini na mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi kiasi kwamba huitafuna na kuyatema makapi. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta bakteria wa utumbo wao ni wa aina nyingi kuliko wa Waitalia waliolinganishwa nao. Lakini si kila mtu awaige: mwenye Crohn ambaye utumbo wake umebana akijaza tumbo mizizi migumu, mboga mbichi na korosho nzima, anaweza kuziba kabisa na kuishia chumba cha upasuaji.

Anayetaka kuendelea na Paleo baada ya kupimwa tunamsaidia, na chakula chetu kinamfaa kuliko anavyodhani. Mtori wa ndizi na nyama uliopondwa vizuri, bila maziwa, ni Paleo. Magimbi, viazi vitamu, boga, samaki wa kuchemsha, vyote vimo na vyote hulainika. Menya, toa mbegu, pika mpaka kijiko kipite. Njoo na orodha ya ulichokula siku 7, dawa zako kwenye pakiti zake, na majibu ya zamani. Tunakupima uzito kila baada ya wiki mbili, na ukiendelea kushuka tunarudisha vyakula kimoja kimoja.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, tumbo lililovimba na kugoma kutoa hata hewa, au homa pamoja na kuharisha damu, havisubiri siku ya kliniki. Nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na ukifika waambie wazi ulichoacha kula na dawa ulizoacha kumeza.