pH ya maji ni nini, na kwa nini maji ya kisima cha pwani yanakataa kushuka

Jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, mama ambaye mkono wake haujawahi kushindwa na mche, aliotesha saladi kwenye ndoo za lita 20 uani kwake. Hakutumia udongo. Mizizi ilining'inia moja kwa moja kwenye maji yaliyotiwa mbolea, kilimo kinachoitwa haidroponiki. Wiki ya tatu akaniita. Majani machanga yalikuwa manjano matupu, ila vishipa vyake vimebaki kijani, vinaonekana kimoja kimoja.

"Mwanangu, hii ni njaa," akasema. "Nimeongeza mbolea mara mbili, na bado."

Njaa ilikuwepo kweli. Lakini chakula kilikuwa tele ndani ya ile ndoo, na kila alipoongeza mbolea alikuwa anazidisha chumvi tu. Nilichovya kipimo, kikasoma 7.9.

pH ni namba inayoeleza ukali wa maji. Juisi ya ndimu iko kwenye 2 na kidogo. Maji safi yasiyo na kitu ndani yake yako kwenye 7, ambayo ndiyo katikati. Maji ya bahari yako karibu na 8, na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni hupita 10. Chini ya 7 ni upande wa tindikali, yaani ndimu, ukwaju na siki. Juu ya 7 ni upande wa alkali, yaani magadi, majivu na chokaa. Kumbuka kwamba namba ikipungua, ukali unaongezeka. Na kila hatua moja ni mara kumi: maji ya pH 6 yana ukali mara kumi kuliko ya pH 7, na mara mia kuliko ya pH 8. Ndiyo maana tofauti ya "mbili tu" kwenye kipimo ni kubwa mno kwa mzizi. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen.

Sasa saladi inahusikaje na namba hiyo? Mzizi hauli mbolea iliyo ngumu. Unakunywa madini yaliyoyeyuka. pH ndiyo inayoamua madini gani yabaki yameyeyuka na yapi yagande. Maji yakipanda kupita 7, madini ya chuma hugeuka kutu laini na kutuama chini ya ndoo. Manganizi nayo hufuata njia hiyo. Fosforasi hushikana na kalsiamu ikawa unga mweupe. Mbolea imo, imelipiwa, lakini mmea hauwezi kuigusa. Maji yakishuka sana, chini ya 5, mizizi yenyewe huungua na kalsiamu na magnesiamu huingia kwa shida. Kwa mboga nyingi zinazooteshwa ndani ya maji, kati ya 5.5 na 6.5 ndipo pazuri. Mimi huridhika nikiona 5.8 hadi 6.2, na sijisumbui kufukuza namba moja kila saa. Kusogea kidogo ndani ya eneo hilo hakuna ubaya.

Chuma cha kwenye mbolea nzuri za haidroponiki kimefungwa ndani ya dawa maalumu ili kisigande. Soma kwenye pakiti. Kikiandikwa EDTA, kinga yake huanza kulegea pH ikipita 6.5 hivi. DTPA huvumilia hadi karibu 7.5. Kwa maji ya huku pwani hiyo ya pili ni rafiki zaidi, ingawa hainunui ruhusa ya kuacha pH ijiendee.

Yule mama alinisikiliza, akakamua ndimu ndani ya ndoo mpaka kipimo kikasoma 6. Akafurahi. Kesho yake asubuhi kikasoma 7.4. Akakamua tena, na keshokutwa ikawa hivyo hivyo. Hapa ndipo penye jambo ambalo maelezo mengi hulipita mbio, na kwa sisi wa Mtwara na Lindi ndilo kubwa kuliko yote.

pH inakwambia maji yako wapi leo. Haikwambii yatang'ang'ania hapo kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hiyo ni kitu kingine, na hutokana hasa na bikaboneti, yaani chokaa iliyoyeyuka. Visima vingi vya ukanda wetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Ni jiwe lile lile lililojenga nyumba za kale za Mikindani, lile lile linalochomwa kwenye tanuri kupata chokaa ya kupaka. Maji ya mvua yakipenya kwenye jiwe hilo hulilamba taratibu na kubeba chokaa yake. Huna haja ya maabara kulijua hilo. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako, na uone sabuni inavyogoma kutoa povu.

Ukitia tindikali kwenye maji ya namna hiyo, tindikali haishushi pH moja kwa moja. Kwanza inapigana na bikaboneti, na mpambano huo hutoa hewa ya kaboni, kama magadi yanavyochemka ukiyakamulia ndimu. Hewa hiyo ikiwa bado imo ndani ya maji, kipimo husoma chini. Usiku ikitoka, pH hupanda tena. Kwa hiyo maji yanayorudi juu asubuhi hayana uchawi: bado yamebakiwa na chokaa ambayo haijamalizwa. Ndoo mbili zinaweza kusoma 7.8 zote, moja ikashuka kwa matone machache na nyingine ikameza kikombe. Usiige kipimo cha tindikali cha mtu wa Njombe au wa Uingereza. Maji yake si maji yako.

Dawa yake ni subira. Jaza maji peke yake kwenye pipa siku moja kabla, tia tindikali kidogo kidogo huku ukikoroga, yaache yalale wazi, pima asubuhi, rudia. Yakishatulia ndipo utie mbolea, kisha upime mara ya mwisho, kwa sababu mbolea yenyewe husogeza pH.

Dawa nyingine hutoka mbinguni. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili tunapata mvua yetu, na maji ya bati hayana chokaa. Mvua safi husoma karibu 5.6, kwa sababu imechukua hewa ya kaboni njiani. Upungufu wake ni kwamba haina ubishi wowote, kwa hiyo pH yake huyumba kwa kitu kidogo tu. Mimi huchanganya: sehemu kubwa mvua, sehemu ndogo kisima. Chokaa kidogo ya kisima inakuwa nanga.

Tindikali ipi? Ndimu na siki hufanya kazi kwa dharura, lakini vijidudu vilivyomo ndani ya maji huila tindikali ya ndimu na pH hupanda upya, huku maji yakianza kuteleza na kunuka. Tindikali ya fosforasi ndiyo inayouzwa zaidi kama dawa ya kushusha pH, na inaacha fosforasi ambayo mmea unaihitaji. Wengine hutumia ya naitriki, nayo huacha naitrojeni. Maji ya betri kuukuu usiyasogelee kabisa, yana risasi, na saladi huliwa mbichi.

Kuna wanaouliza kuhusu salfa, maana huku kwetu kila nyumba yenye mikorosho ina mfuko wake kwa ajili ya ubwiri unga. Ni kweli kwamba salfa inayoanguka chini ya mikorosho miaka nenda miaka rudi huchachua udongo. Lakini kazi hiyo hufanywa na bakteria wa udongoni, polepole. Ndani ya ndoo salfa haiyeyuki, itaelea tu. Ibaki shambani.

Tindikali yoyote kali huimwagi ndani ya maji bila glavu, na unatia tindikali kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka usoni. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Watoto wa uani hawasomi lebo.

Wakati mwingine chokaa haitoki kisimani. Unaitia mwenyewe. Mtu anachota mchanga au changarawe za ufukweni kushikilia miche, kumbe nusu yake ni vipande vya matumbawe na makombe. Hivyo vitayeyuka kidogo kidogo ndani ya tindikali yako na kuirudisha pH juu daima. Jaribu hivi: weka kijiko cha changarawe kwenye kikombe, dondoshea siki au ndimu. Zikitoa povu, zirudishe ulikozitoa. Makumbi ya nazi ni mazuri sana kushikilia mizizi, na tunayo bure, ila yale yaliyolowekwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yasuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, uyaloweke, uyamwage, urudie, mpaka maji yanayotoka yakaribiane kwenye kipimo na yale yaliyoingia.

Kipimo hicho ni cha pili, kinaitwa EC, na hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi zikizidi umeme hupita kirahisi, na mbolea nyingi zikishayeyuka ni chumvi. Saladi hutosheka na milisimensi 0.8 hadi 1.2 kwa sentimita. Nyanya inayozaa huhitaji 2 na zaidi. Lakini EC haitambui chumvi ipi ni chakula na ipi ni ya bahari. Kisima kilicho karibu na pwani kikichotwa sana, maji ya bahari husogea chini kwa chini na kuingia, na bahari yenyewe ni karibu 50. Pima maji yako kabla ya kutia chochote. Yakisoma 1.5 yakiwa matupu, saladi haina nafasi humo, hata upate mbolea ya dhahabu.

Baada ya hapo EC inakuwa lugha ya mmea. Jua la huku likiwaka na upepo ukivuma, mmea hunywa maji kuliko unavyokula, maji hupungua na EC hupanda. Ongeza maji matupu. EC ikishuka, mmea unakula, ongeza mbolea. Kila baada ya wiki mbili hivi mimi humwaga yote na kuanza upya, kwa sababu madini yasiyotumika hujilimbikiza na kipimo hakiyatofautishi na chakula. Yale ya zamani humwagiwa mipapai.

Na usidhani pH ikipanda yenyewe kidogo kidogo ni ishara ya ubaya. Mmea ukila naitrojeni ya aina ya naitreti husukuma pH juu. Ukila ya aina ya amonia huisukuma chini. Ndiyo maana mbolea za haidroponiki huwa na naitreti nyingi na amonia kidogo, ili moja imzuie mwenzake. Urea na DAP za shambani hazina mpango huo, na CAN imechanganywa na chokaa ambayo haiyeyuki yote. Mbolea za maji huja kwenye pakiti mbili kwa sababu: kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti ikiwa bado nzito, hugandana papo hapo. Yeyusha ya kwanza ndani ya pipa lililojaa, koroga, ndipo ulete ya pili.

Kipimo chenyewe nacho ni chombo cha kutunzwa. Kile kioo cha mviringo kwenye ncha kisikauke, wala kisihifadhiwe kwenye maji yaliyosafishwa. Kina maji yake maalumu. Kisahihishe mara kwa mara kwa unga au maji ya 4 na ya 7 vinavyouzwa pamoja nacho. Kipimo cha bei ndogo kisichosahihishwa kitakudanganya kwa upole, siku moja 0.1, mwezi ujao 0.6. Ukiwa huna kabisa, chemsha choya kavu, chuja, dondoshea kwenye maji yako: yakienda wekundu ni tindikali, yakienda kwenye bluu au kijani ni alkali. Haitakutofautishia 5.8 na 6.4, ila itakuonya.

Joto nitaligusia tu. Maji ya nyuzi 30 hubeba hewa ya oksijeni kidogo kuliko ya nyuzi 20, na mizizi iliyokosa hewa huoza hata pH ikiwa sawasawa. Weka ndoo chini ya banda la makuti, paka nje rangi nyeupe, na acha nafasi ya hewa kati ya maji na mfuniko.

Ndoo ya yule mama tuliimwaga yote. Tukatengeneza maji mapya, ndoo tatu za mvua kwa moja ya kisima, tukayalaza, tukatia nusu ya mbolea aliyokuwa akitia zamani. Siku ya sita majani mapya yalitoka kijani. Yale ya manjano hayakupona. Mmea hauwezi kuhamisha chuma kutoka jani moja kwenda jingine, ndiyo maana majani machanga ndiyo yaliyoumwa kwanza. Kama ingekuwa magnesiamu imepungua, majani ya chini ndiyo yangeanza kugeuka. Akayachuma hayo ya manjano kwa ajili ya kuku, na ndoo ya kisima akairudishia kazi yake ya kufulia.