Jasho la saa tisa usiku: sukari ikishuka umelala, kesho yake uishije?

Wagonjwa wengi wa kisukari huja kliniki na daftari lililojaa vipimo vya asubuhi peke yake: 14, 9, 16, 5, 17. Usiku haumo kabisa. Mgonjwa anaapa hajagusa keki wala soda, na pengine ni kweli. Namba za namna hiyo, zinazopanda na kushuka kama bembea, mara nyingi huanzia kitandani. Haya ni maswali yanayorudi kila mara.

Nitajuaje kwamba sukari ilishuka nikiwa usingizini?

Wengi hawaamki, na hapo ndipo hatari ilipo. Dalili hubaki asubuhi: shuka limelowa jasho, kichwa kinagonga, mwili umechoka kama uliyekesha msibani, na ndoto zilikuwa za kukimbizwa. Anayelala na wewe huwahi kujua kuliko wewe: unaweweseka, unatetemeka, ukiguswa u wa baridi, ukiulizwa unajibu kwa ukali au maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kwetu jasho na maumivu ya kichwa hubatizwa malaria upesi, na kuweweseka kukaitwa jini. Malaria ipimwe, sawa, lakini sukari ipimwe kwanza kwa sababu hiyo haisubiri.

Chini ya 3.9 (kwa milimoli, mmol/L) imeshuka. Chini ya 3.0 ni hatari. Kama mashine yako husoma kwa miligramu, zidisha kwa 18: ni 70 na 54.

Ukiwa unatumia dawa za presha au moyo kama propranolol au atenolol, moyo huenda usikudunde wala mikono isitetemeke sukari ikishuka. Jasho lakini hutoka vilevile, kwa hiyo lifuate hilo.

Nikiamka natetemeka, nile nini?

Sukari yenyewe, na kwa kipimo. Vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300 (isiwe ile isiyo na sukari, hiyo haitakusaidia lolote), au kijiko kimoja cha mezani cha asali. Hiyo ni kama gramu 15. Kaa dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 3.9? Rudia. Ikishapanda, kula kitu kidogo cha kushikilia hadi asubuhi, kama kipande cha mkate au kikombe cha maziwa. Maziwa na chokoleti visiwe vya kwanza, maana mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Zile dakika 15 ndizo ngumu kuliko yote. Ubongo umekosa chakula na unakupigia kelele kwamba unakufa njaa. Mtu anafunua sufuria, anamaliza kiporo cha wali chote, anashushia na soda nzima, kisha anarudi kulala akiwa na amani. Sina wa kumlaumu hapo, njaa ile si ya kawaida. Dawa yake ni kuandaa mapema: sukari iliyokwisha kupimwa ndani ya kikopo chenye kifuniko, na maji, karibu na kitanda. Jikoni usiende.

Mbona usiku ilikuwa 3 na asubuhi inasoma 16?

Mwaka 1938 mwanakemia Michael Somogyi, huko Marekani, alieleza kwamba sukari ikishuka sana mwili hujihami: ini humwaga akiba yake ya sukari ikisukumwa na homoni kama glukagoni, adrenalini na kortisoli, na matokeo ni sukari kupaa. Maelezo hayo bado husimuliwa kliniki nyingi kana kwamba ndiyo sababu ya kila asubuhi mbaya. Mwili kujihami ni kweli. Ila tangu vipatikane vifaa vinavyobandikwa mwilini na kupima sukari usiku kucha, imeonekana kwamba baada ya usiku wa kushuka, asubuhi mara nyingi hukuta sukari iko chini, si juu.

Basi 16 inatoka wapi? Kwanza tazama lile sufuria. Pili, kuelekea alfajiri mwili wa kila mtu hutoa homoni za kuamsha, na ini huachia sukari. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha akazima, wewe huna. Tatu, insulini ya jioni huenda imekwisha nguvu kabla hakujapambazuka. Sababu tatu tofauti, tiba tofauti, na kipimo cha asubuhi peke yake hakiwezi kuzitenganisha.

Kwa hiyo asubuhi niongeze insulini niishushe?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza. Unaona 16, unaongeza yuniti sita kwa hasira. Saa tano umeshuka, unakula ovyo, jioni uko 18, unaongeza tena, na usiku unashuka. Bembea imeanza upya.

Asubuhi baada ya usiku wa namna hiyo, choma dozi yako ya kawaida, kunywa chai yako ya kawaida, pima tena kabla ya chakula cha mchana. Usiruke insulini pia, hasa mwenye kisukari aina ya kwanza. Kama asubuhi yenyewe imekukuta chini ya 3.9, tibu kwanza, kula, ndipo uchome. Na ikiwa iko juu huku unatapika, tumbo linauma na unapumua kwa kasi, hilo ni jambo jingine: nenda hospitali mara moja.

Siku hiyo kengele ya mwili imechoka. Sukari inaweza kushuka tena ndani ya saa 24 bila jasho wala kutetemeka. Mwenye bodaboda au gari apime kabla ya kuwasha. Ikiwa ilikuwa imeshuka, asubiri dakika 45 baada ya kurudi juu ya 5. Shamba la kulima kwa nguvu na mpira wa jioni vingoje kesho.

Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, ni ghali. Nipime lini?

Kwa siku tatu, hamisha vipimo vyako. Pima unapolala, saa tisa usiku, na unapoamka. Stripu tisa hizo zitamwambia daktari mengi kuliko thelathini za asubuhi. Andika pia ulichokula, saa uliyochoma, na kazi uliyofanya.

Lakini kwa nini ilishuka?

Wanaotumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 yenye rangi ya maziwa, waanze na saa. Sehemu yake kubwa, ile inayofanya kazi polepole, huanza kufikia kilele muda wa saa nne au zaidi baada ya kuchoma. Ukichoma saa moja jioni, kilele kinakukuta usingizini, na kama chakula kilikuwa kidogo au kililiwa saa tatu, umeipa nafasi. Chupa hiyo pia inataka kuviringishwa taratibu viganjani hadi weupe uwe sawasawa. Isipochanganyika, leo unachoma nguvu nyingi, kesho chache. Kuchoma palepale kila siku huota vinundu, na insulini iliyoingia kwenye kinundu hutoka itakavyo yenyewe.

Pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya, ndiyo maana mlevi aliyelala bila kula yuko hatarini hadi kesho yake. Kazi ngumu ya mchana huacha misuli ikivuta sukari usiku kucha. Na dozi ileile uliyoizoea kwa miaka ikianza ghafla kukushusha, omba kupimwa figo. Zikidhoofika, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Sababu isipoonekana, daktari hupunguza dozi ya jioni, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20. Mpelekee daftari.

Mama yangu ni mzee, hachomi sindano, anameza vidonge tu. Inamhusu?

Inategemea ni vidonge gani. Metformini peke yake ni nadra sana kushusha sukari hivyo. Glibenklamidi inaweza, na kwa wazee ni mbaya maana hudumu mwilini; mwulize daktari kama kuna mbadala. Mzee huyo akizinduka baada ya kunyweshwa sukari, usimrudishe kulala mkasema yamekwisha. Dawa ingali inafanya kazi na atashuka tena, kwa hiyo apelekwe hospitali akaangaliwe.

Na mkimkuta hajitambui, msimmiminie kitu mdomoni, si soda wala asali, itaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, kama mna sindano ya glukagoni mchomeni, na mtafute usafiri usiku huohuo.