"Sasa hiyo nayo ni habari?" Dhana za barazani kuhusu mazuri madogo

Jioni moja mtaani kwetu Lamu, kijana anayebeba mchanga kwa punda alifika barazani uso umemchangamka. Punda wake mpya, aliyekuwa akigoma kila akifika kwenye mtaro, siku hiyo alivuka mwenyewe bila kusukumwa. "Sasa hiyo nayo ni habari?" akaulizwa.

Swali hilo limebeba dhana nyingi kuliko anavyodhani aliyeliuliza.

Dhana: furaha iko kwenye makubwa.
Tunangoja Maulidi, tunangoja harusi, tunangoja mtoto apasi mtihani. Lakini mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani Ed Diener na wenzake walieleza kwamba furaha ya mtu hufuata zaidi ni mara ngapi anajisikia vizuri, kuliko ukali wa hisia hiyo inapomjia. Harusi hupita kwa siku chache. Mahamri ya moto kwa mbaazi za nazi yapo kila asubuhi.

Dhana: mazuri hujikumbuka yenyewe.
Hayajikumbuki. Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2001 wakaona mabaya hututia alama kuliko mazuri. Ukifokewa gatini asubuhi, utalala nalo. Upepo uliokupoza adhuhuri umeshausahau.

Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwaomba watu waandike mambo matatu mazuri kila usiku kwa wiki moja, pamoja na sababu ya kila jambo. Nafuu ilionekana hadi miezi 6 baadaye. Nami nilijaribu. Usiku wa tatu sikuwa na la maana, nikaandika: "Nimewahi maji." Sababu? Jirani alinigongea mlango kabla hayajakatika. Bila swali la sababu, jirani huyo asingeingia daftarini.

Dhana: basi hii ni dawa ya kila huzuni.
La. Manufaa yake ni ya kiasi tu, na mwenye sonona anahitaji mtaalamu. Na kumwambia aliyefiwa ahesabu neema zake ni ukatili uliovaa kanzu.

Dhana: kusimulia ni kujionyesha, na huita kijicho.
Kwetu hii ndiyo nzito. Shangazi yangu akipata samaki mzuri humfunika kwa leso mpaka jikoni, "watu wana macho". Simcheki, husda tunaijua. Lakini aya ya mwisho ya Sura ya Adh-Dhuha inaamrisha neema za Mola zisimuliwe, na desturi imeshatupa kinga: anayesikia husema mashallah. Tena kutandaza dhahabu mbele ya asiyenayo si sawa na kusema punda amevuka mtaro. Nani atamhusudu mtu kwa hilo? (Labda mwenye punda anayegoma.)

Dhana: kazi yote ni ya msimuliaji.
Hapa ndipo barazani tunapokosea. Shelly Gable na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2004, waliona kwamba kumsimulia mtu jambo jema huongeza furaha kupita ile ya jambo lenyewe, na kwamba jibu la msikilizaji lina uzito wake. Walitaja majibu ya namna nne: kufurahi pamoja na kuuliza zaidi, kuitikia kwa ukavu, kutafuta kasoro, na kulipuuza jambo. La kwanza ndilo lililoambatana na uhusiano ulio bora.

Jioni ile niliyashuhudia yote manne, kwa punda mmoja. Mwenye swali alishaongeza, "Kesho atakataa tena." Wa pili, macho kwenye simu, akasema "vyema". Wa tatu akauliza mafuta ya boti yamefika bei gani. Kijana akaanza kukung'uta mchanga suruali yake, dalili ya mtu anayetaka kuondoka.

Ndipo fundi mmoja wa majahazi, mzee asiyesema sana, akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Alitanguliza mguu gani?"

"Wa kulia, mzee!" Kijana akashika ncha ya kikoi cha mzee kana kwamba ndiyo hatamu, akanyanyua goti juu, akalisimamisha hewani kama punda anayesita. Yule wa simu akainua kichwa. Wa mafuta ya boti akasogea kumpisha avuke.