Kiti cha mpigaji wa pedali stili: tafuta urefu kwanza, nafasi ya vitu baadaye

Mpigaji wa pedali stili, gitaa linalolazwa juu ya miguu yake lenyewe na lenye pedali na nyenzo za kubadilisha noti za nyuzi, huketi huku miguu yote ikiwa kazini. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali za A, B na C, mara nyingi mbili kwa pamoja. Wa kulia hauondoki kwenye pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza sauti, tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Magoti yanasukuma nyenzo, yaani vyuma vya kusukumwa kwa goti vilivyo chini ya gitaa, huku na huku na kwenda juu. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazipiga. Hakibaki kiungo cha kujiegemeza. Mwili mzima uko juu ya kiti, na kiti kikicheza kidogo tu, goti linagusa wenzo usioutaka na noti ya E inapanda kuwa F katikati ya wimbo wa kuabudu. Ndiyo maana kiti mimi nakihesabu kuwa sehemu ya gitaa.

Hapa Lubumbashi, ukienda kupiga kanisani Katuba au kwenye harusi Kampemba, wenyeji watakukaribisha kwa moyo wote na kukuletea kiti cha plastiki. Shukuru, kisha kiweke kando. Kile kimeinama kwa nyuma ili mtu aegemee, na wewe unahitaji kukaa wima. Mikono yake inazuia viwiko. Miguu yake inapanuka ukikaa, kwa hiyo urefu uliouanza nao sio utakaoumaliza nao. Beba chako, kile cha boksi chenye nafasi ya vitu ndani.

Urefu ndio unaoamua kila kitu, na hakuna kipimo kimoja cha watu wote. Viti vingi vya wapigaji viko kati ya sentimita 45 na 51, lakini namba hiyo ni ya kuanzia tu. Fanya hivi: simamisha gitaa kwenye miguu yake minne, kaa juu ya kitu chochote kigumu unachoweza kukiongezea vipande vya mbao, weka mguu wa kushoto juu ya pedali A na B. Magoti yaingie chini ya gitaa bila kugusa kitu. Kama gitaa lako lina wenzo wa wima wa goti la kushoto, uache nafasi ya kidole kati yake na paja. Ukiinua kisigino kidogo, goti liukute. Ukikaa chini mno, unainua mguu mzima kila mara, na kufikia wimbo wa nne nyonga inauma. Ukikaa juu mno, wenzo unakuwa umesukumwa hata kabla hujaamua. Ongeza na punguza mbao mpaka usahau kwamba una magoti, ndipo upime kutoka sakafuni.

Pima ukiwa umevaa viatu vya kupigia. Kisigino cha kiatu cha Jumapili kinaweza kuongeza sentimita mbili au tatu, na kwa goti hiyo ni tofauti kubwa. Sponji nayo inadanganya: ile laini ya unene wa sentimita tano hubonyea mpaka unakaribia ubao, kisha ukingo wa mbele unakata damu chini ya paja na mguu wa pedali ya sauti unakufa ganzi. Nunua sponji ngumu, hata ikiwa nyembamba, na fundi auviringe ukingo wa mbele.

Sasa boksi la kiti lenyewe. Viti vingi vya aina hii hufunguliwa juu: unainua sehemu ya kukalia, vitu viko chini. Ni rahisi kutengeneza na ni imara. Lakini utakalia mlango wa ghala lako. Kwenye E9, mpangilio wa noti za nyuzi kumi, uzi wa tatu, ule wa G kali (G#) wenye unene wa inchi 0.011, ndio mwembamba na wa juu kuliko wote, na pedali B inauvuta mpaka noti ya A kila unapoikanyaga. Ndio unaokatika zaidi. Ukikatika kwaya ikiwa inaimba, hutaki kusimama mbele ya waumini, kugeuka na kuingiza kichwa kwenye boksi. Kwa hiyo mimi nashikilia mlango wa pembeni, upande wa kulia, wenye droo fupi: nyuzi za tatu za akiba, koleo dogo la kukatia, kucha za kupigia (mbili za chuma na ya plastiki ya dole gumba), chuma cha pili cha kutelezeshea. Unanyoosha mkono tu. Nafasi iliyobaki, ile ya kufungulia juu, ikae pedali ya sauti, nyaya, kitambaa cha kufutia nyuzi na funguo za kurekebishia.

Chuma cha kutelezeshea hakikai peke yake humo ndani. Kina uzito wa karibu gramu 200, na kikiachwa kibingirike kitagonga pedali ya sauti njia nzima kwenda Ruashi. Kikipata kovu hata dogo, kila uzi utalalamika. Kishonee mfuko wa kitambaa kinene. Pedali ya sauti nayo ifunikwe, hasa kuanzia Mei hadi Septemba. Vumbi letu jekundu linapenya kila ufa, na likifika kwenye potensiometa, kile kifaa cha ndani kinachorekebisha sauti, sauti inaanza kukwaruza kila unapokanyaga. Bitana la sponji nyembamba ndani ya boksi linasaidia kwa hilo, na pia linanyamazisha bawaba ambazo maikrofoni ya jirani ingezinasa.

Kuhusu mbao, mafundi wetu wana mikono mizuri na wanapenda mbao ngumu za Katanga. Waambie hapana kwa upole. Zinadumu, ni kweli, lakini kiti kitupu kitakushinda kabla hujaweka kitu. Tripleksi (plaiwudi) ya milimita 12 kwa kuta na ya 18 kwa sehemu ya kukalia inatosha, mradi kila pembe ndani iwe na kipande cha mbao kilichopigwa skrubu na gundi. Chini, vipande vinne vya mpira wa tairi la zamani, ili kiti kisiteleze kwenye vigae vya ukumbini. Fremu ya chuma cha kuchomelea siipendi: nzito, na inaitika besi inapopigwa. Magurudumu usikubali kabisa.

Uzito nao una hesabu yake. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville (sasa Likasi) mwaka 1952, alikuwa na gitaa la kubebwa begani kwenda popote, na muziki wa gitaa wa Katanga ulisafiri hivyo. Letu halisafiri hivyo. D-10 ya zamani, yenye shingo mbili za nyuzi kumi kumi, ikiwa kwenye sanduku lake hufika kilo 30 na kupita. Kwa sababu hiyo kiti kisijazwe tu kwa kuwa kina nafasi. Kikijaa kisizidi kilo kumi, kiasi cha kupanda nacho ngazi kwa mkono mmoja. Transfoma isiingie humo. Amplifaya ya Marekani inataka volti 120 na sisi tuna 220, hivyo wengi tunatembea na transfoma, lakini ile ipate begi lake: ni nzito, na ikisogea itavunja vyote. Mahali penye miksa nzuri mimi naacha amplifaya nyumbani na kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa. Amplifaya ya Twin Reverb peke yake ni kama kilo 29.

Kitu kimoja cha kumwambia kila dereva wa teksi kabla hajapanga mizigo: pasiwekwe chochote juu ya sanduku la gitaa, hata kiti. Gitaa la pedali kwa kawaida hulala kifudifudi ndani ya sanduku, yaani nyenzo, fito na mihimili yote iko upande wa juu. Mgandamizo kidogo wa kifuniko unapinda fito, na utajua tu unapokanyaga pedali B na noti haifiki. Gitaa libaki nawe ndani ya gari. Kiti kinaweza kwenda kwa pikipiki ya manseba, yaani bodaboda, kimefungwa kamba za mpira na turubai juu ikiwa ni msimu wa mvua. Kimetengenezwa kwa ajili ya kubebwa.

Ukiagiza, mpe fundi vipimo kwa maandishi, pamoja na urefu ukiwa umeketi na sponji imebonyea. Lipa nusu. Siku ya kuchukua, peleka gitaa kwenye karakana, lisimamishe hapo, vaa viatu vya Jumapili na upige nusu saa. Fundi wangu wa kwanza, mzee wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, alikaa kuniangalia magoti muda wote, kisha akachukua msumeno mwenyewe na kupunguza sentimita moja kabla sijamwomba. Nusu ya pili ilipwe baada ya hapo.