“Si ya bure hiyo?” na mengine niliyochoka kuyasikia vyuoni

Wiki iliyopita nilikuwa Iringa kwenye kikao cha kuchagua mfumo wa kujifunzia mtandaoni. Baridi ya asubuhi, watu na masweta, chai ya rangi mezani. Nikaeleza karibu saa nzima: Moodle, Sakai, Chamilo, Open edX, kila mmoja na tabia yake, yote ni programu huria, yaani msimbo (maandishi yanayoiendesha programu) uko wazi kwa yeyote. Mwishoni nikaonyesha bajeti ya kuuendesha mfumo mwaka wa kwanza. Mzee mmoja wa kamati akavua miwani, akaniangalia kwa upole kabisa: “Sasa mtaalamu, si ulituambia hii ni ya bure? Hela hizi za nini tena?”

Swali hilo nimeulizwa Mbeya mjini, Tukuyu, Njombe, mpaka Songea. Nimelijibu kwa maneno, nimelijibu kwa michoro, na siku moja pale Mafinga nililijibu kwa kukaa kimya na kumalizia chai. Leo naandika majibu yote mahali pamoja, ili kamati ijayo niitumie kabla sijapanda basi.

“Programu huria ni ya bure, kwa hiyo haina gharama”

Nadhani tunakwazwa na neno lenyewe. Bure ya Kiswahili ina sura mbili: bure ya kutolipia, na bure ya “kazi bure”. Vyuo vingi huanza na ile ya kwanza, miaka miwili baadaye viko kwenye ya pili. Huria ni kitu kingine. Tunacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania tangu 1992, kina vituo Mbeya na Iringa, na sijasikia mwanafunzi akienda kituoni kudai asome bila ada kwa kuwa chuo ni huria.

Moodle iko chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inakupa ruhusa ya kuitumia, kuifungua uone ndani, kuibadilisha na kumpa mwenzako. Thamani ya ruhusa hiyo utaijua siku mambo yatakapoharibika. Martin Dougiamas, aliyeianzisha Moodle kule Perth, Australia, na kutoa toleo la kwanza mwaka 2002, kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa WebCT chuoni. WebCT ilikuwa mfumo wa kujifunzia wa kulipia, wenye jina kubwa. Mwaka 2006 ikanunuliwa na kampuni shindani, Blackboard, na vyuo vilivyokuwa vimeitegemea vikalazimika kuhamia kwingine. Upande wa huria, waliokuwa ndani ya mradi wa Dokeos, mfumo mwingine wa kujifunzia, walipokosana, wengine waliondoka na msimbo wao, na mwaka 2010 wakaanzisha Chamilo. Hakuna aliyeweza kuwazuia. Na kweli, hakuna atakayekudai ada ya leseni kwa kila kichwa cha mwanafunzi. Hiyo ni nafuu kubwa, siipingi.

Lakini watu wa Rungwe wananielewa haraka nikiwatajia kopa ng’ombe lipa ng’ombe. Mtamba umeletewa, hukutoa senti. Majani anakata nani? Banda? Dawa ya kupe? Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua mvua ikinyesha? Sijawahi kumsikia mama wa Tukuyu akimwambia bwana mifugo kwamba ng’ombe ni wa bure kwa hiyo hahitaji majani. Msomi mwenye shahada tatu ndiye ananiambia hivyo kuhusu seva, kompyuta inayobeba mfumo.

Majani ya mfumo ni seva yenye nguvu, betri za kuishikilia umeme ukikatika (na kwetu unakatika), bekapu (nakala ya akiba) inayolala jengo jingine, mafunzo kwa wahadhiri, na mtu. Hasa mtu.

Nitoe mfano mdogo kabisa. Kwenye Moodle kuna kazi inaitwa cron, ambayo inatakiwa ijiendeshe kila dakika moja. Ndiyo inayosukuma barua pepe za majukwaa, inayofuta mafaili ya muda na kumaliza kazi zilizo kwenye foleni. Kuiwasha ni mstari mmoja tu kwenye seva. Nimefika vyuo ambavyo tangu siku ya uzinduzi, keki na mgeni rasmi, hakuna aliyeuandika mstari huo. Mfumo wenyewe unamwandikia msimamizi kwenye ukurasa wake kwamba cron haijaendeshwa, lakini msimamizi hayupo wa kusoma. Wahadhiri wanahitimisha kwamba Moodle ni mbovu, matangazo hayafiki, na wanarudi kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mfano mkubwa sasa. Chuo kimoja cha nyanda hizi, jina nalihifadhi, diski ilikufa baada ya umeme kuchezacheza usiku kucha. Wakanipigia wakiwa na utulivu mwingi: “Usijali, bekapu tunayo ya kila siku.” Nikaenda, nikairejesha. Kozi zote zikaonekana. Majina ya wanafunzi yapo, alama zipo, mijadala ipo. Mhadhiri mmoja aliyesimama nyuma yangu akaanza kupiga makofi. Nikabonyeza notsi za wiki ya kwanza: faili halipatikani. Za wiki ya pili: halipatikani. Makofi yakaisha.

Walichokuwa wanakihifadhi ni hifadhidata peke yake, yaani orodha za majina, alama na kozi. Moodle haiweki mafaili humo. Inayaweka kwenye folda ya pembeni, moodledata, na kila faili inalibatiza jina la herufi na tarakimu 40, kiasi kwamba hata ukiifungua folda hiyo hutambui lipi ni la uhasibu na lipi la uuguzi. Hifadhidata ndiyo inayojua lipi ni lipi. Ukiwa na moja bila nyingine, una daftari la stoo bila stoo, au stoo bila daftari. Wahadhiri wale walikaa wiki mbili wakitafuta flashi za zamani kwenye madroo na mikoba ya wake zao. Kumlipa mtu wa kujaribu kurejesha bekapu mara moja kwa muhula kungewagharimu kiasi gani?

Ndugu wa hilo ni hosti (seva ya kukodi mtandaoni) ya bei chee. “Tumepata ya kulipia kwa mwaka, nafuu sana.” Nafuu ni kweli, mpaka siku ya tesiti. Jaribio la Moodle huhifadhi majibu lenyewe kila baada ya dakika moja, usipobadilisha mpangilio. Wanafunzi 300 wakianza saa 2:00 asubuhi, maombi ya kuhifadhi peke yake yanakaribia 300 kwa dakika, ukiacha kila wanapofungua swali jipya. Hosti ya kugawana na tovuti za watu wengine haikupangiwa mzigo huo. Saa 2:10 skrini nyeupe, saa 2:15 simu yangu inaita. Wagaweni makundi, muda upishane, na seva iwe yenu.

Ndiyo maana siku hizi, kabla kamati haijanitajia jina la mfumo wowote, naomba karatasi yenye majina mawili: atakayeshika nenosiri la msimamizi, na atakayelishika huyo akihama. Maana atahama. Kijana akishajua kuendesha seva hapa Mbeya, Dodoma na Dar wanamwona. Chuo kisichoweza kunipa majina hayo nakishauri kilipie mtu wa nje akiendeshee, hata kama mtu huyo si mimi.

“Msimbo uko wazi, basi wezi wataingia”

Kitasa kizuri hakitegemei fundi kuficha jinsi alivyokitengeneza. Msimbo ulio wazi unasomwa na wezi, sawa, na pia unasomwa na watu wengi wanaotafuta tundu ili lizibwe. Mifumo ninayoikuta imeingiliwa ni ile ambayo kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, kilishatoka na hakuna aliyekiweka. Moodle hutoa toleo jipya takribani kila miezi sita, na baadhi ya matoleo hupewa ulinzi wa miaka mitatu, la 4.5, lililotoka Oktoba 2024, ni mojawapo. Chukueni hayo ya muda mrefu mtulie. Mkikaa miaka minane bila kugusa, jueni pia kwamba toleo la zamani sana halirukii la leo kwa mkupuo. Lina vituo vya kupitia, kama basi la Dar linavyopita Makambako na Iringa, na kila kituo kina kazi yake.

Halafu, kwa ukali wote nilio nao: nenosiri la msimamizi lisiwe jina la chuo na mwaka.

“Kijana wetu wa TEHAMA atatutengenezea wa kwetu”

Hii husemwa kwa sauti ya uzalendo, ndiyo maana ni ngumu kuipinga kikaoni. Kijana anaweza, sibishi. Atatengeneza pa kuingilia, pa kupandisha notsi na pa kukusanyia kazi, na uzinduzi utafana. Kisha mhadhiri ataomba maswali yachanganywe kwa kila mwanafunzi, mwingine ataomba vigezo vya kusahihishia, wa tatu muda wa nyongeza kwa mwanafunzi asiyeona vizuri. Hapo kijana atakuwa anaikimbiza kutoka nyuma kazi ambayo wenzake wa dunia nzima wameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Akitaka kuandika, aandike plagini, programu ndogo ya kuongezea kwenye Moodle. Alama za tesiti zihamie kwenye mfumo wa matokeo, hilo linahitajika sana. Akae tu mbali na mafaili ya msingi ya Moodle. Akiyachokonoa, siku ya kusasisha kila alichoandika kitafutika.

“Chuo fulani kikubwa kinatumia Sakai, na sisi tuchukue Sakai”

Sakai ilizaliwa na vyuo vikuu vya Marekani, Michigan, Indiana, MIT na Stanford, na imeandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Kama chuoni kwenu yupo anayeendesha Java usiku akilala usingizi, karibuni. Open edX ni mfumo mzuri kwa kozi za maelfu ya watu, lakini unakula seva. Chamilo ni mwepesi. Mimi hapa huwa naishia kwa Moodle kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo: ukikwama saa tano usiku ukiwa Uyole, uwezekano wa kumpata Mtanzania aliyewahi kukwama palepale ni mkubwa zaidi.

“Mfumo huu utadai ada na kutoa matokeo”

Hapana. Hiyo ni kazi ya mfumo mwingine, wa taarifa za wanafunzi. Unganisheni miwili, msiulazimishe mmoja ufanye kazi ya mwenzake.

“Intaneti ya huku haitoshi”

Inayomaliza bando ni video ya mhadhara wa saa mbili aliyoipandisha mwalimu bila huruma. Notsi za PDF zilizobanwa hazina shida hiyo. Na programu ya simu ya Moodle inamruhusu mwanafunzi apakue kozi akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha asome akiwa Makete bila mtandao wowote. Hata jaribio dogo la kujipima anaweza kulifanya hivyo, na akipata mtandao majibu yanapanda. Ila mhadhiri lazima aruhusu jambo hilo kwenye mipangilio ya jaribio. Lilivyo kiwandani, limezimwa, na katika vyuo vitatu nilivyokagua mwaka huu hakuna mhadhiri hata mmoja aliyekuwa ameliwasha.