Kokoto lisiloonekana: neva inayobanwa kati ya vidole vya mguu

Wagonjwa wengi wenye tatizo hili husimulia kwamba walivua kiatu na kukikung'uta mara kadhaa wakitafuta kokoto, kwa kuwa walilihisi chini ya unyayo, karibu na kidole cha tatu na cha nne, wala hawakuliona. Baadaye huja maumivu ya kuwaka moto yanayokimbilia vidoleni, pamoja na ganzi, na nafuu hupatikana kiatu kinapovuliwa.

Hali hii huitwa neuroma ya Morton, kwa jina la daktari wa Philadelphia aliyeieleza mwaka 1876. Jina hilo huwatia watu hofu bure, kwani si saratani, bali ni tishu zinazoizunguka neva ambazo hunenepa kwa sababu neva hubanwa kila hatua kati ya vichwa vya mifupa ya unyayo, yaani ncha zake zilizo karibu na vidole. Ganzi ikiwa katika miguu yote miwili, mimi hutaka sukari ya damu ipimwe kwanza, kwa kuwa huenda chanzo ni kisukari.

Tiba huanzia kwenye kiatu: kipana mbele, kisigino kifupi. Kisha mimi huweka pedi ndogo ndani yake, na hapa ndipo makosa hutokea. Nilimpokea mama mmoja aliyekuwa ameibandika pale hasa panapouma, na maumivu yakazidi. Pedi hukaa nyuma kidogo ya vichwa vya mifupa, ili iinyanyue na kuitanua mifupa hiyo, neva ipate nafasi. Kwa mikono yangu hushika mifupa miwili iliyo jirani na kuisogeza taratibu, mmoja juu na mwingine chini, kisha humfundisha mgonjwa kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, kwa maana ikikaza, kisigino huinuka mapema na uzito wote huangukia mbele. Mikono haiyeyushi unene huo, hupunguza mbano.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ina nafasi yake iwapo haya hayakutosha. Upasuaji wa kuikata neva nao huacha ganzi ya kudumu kati ya vidole hivyo, ndiyo maana huwasihi wagonjwa wavumilie miezi mitatu kabla ya kuufikiria.

Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, simama juu ya karatasi, chora mguu wako, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mstari ukionekana nje ya kiatu, anza kwa kukibadilisha kiatu hicho.