Sharti si lazima

Siku hizi "lazima" limewameza wenzake wote. Tangazo la ofisini, mkataba wa nyumba ya kupanga, barua ya skuli kwa wazee, kote limo. Na anayetaka kuonekana kasoma zaidi hutia "sharti" mahala pake, akidhani kabadilisha kanzu tu na aliyevaa ni yule yule. Sivyo. Haya ni maneno mawili yenye kazi mbili.

Lazima ni jambo lisilokwepeka. Sharti ni jambo ambalo bila ya hilo jengine haliwi. Maana ni hiyo tu. Ndani ya sharti mna "ukitaka" iliyojificha. Ndani ya lazima hamna.

Ushahidi tumekua nao mdomoni: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna aliyemkamata shingo. Kama hana haja na cha mvunguni, akae zake juu ya kitanda mpaka kuche, hakuna wa kumuuliza. Litie "lazima" hapo, methali inageuka amri ya askari. Udhu nao ni hivyo hivyo: ni sharti la swala. Mtu anayekwenda sokoni Darajani asubuhi bila ya udhu hana kosa lolote. Akisimama kuswali bila ya udhu, hana swala.

Yote mawili yametoka Kiarabuni, lakini kila moja lina picha yake, na picha hizo ndizo zinazosahauliwa.

Mzizi wa lazima ni kugandana na kitu usikiachie. Aliyekwenda Makka anaijua Multazam, ile sehemu ya ukuta wa Al-Kaaba baina ya Jiwe Jeusi na mlango, ambapo mahujaji hubandika vifua, mashavu na viganja wakaomba. Jina hilo limetoka kwenye mzizi huo huo. Basi jambo la lazima ni lile lililokuganda, unatembea nalo na unalala nalo. Ndiyo maana Kiswahili kizuri husema "imenilazimu": jambo ndilo linalotenda, mtu ndiye anayegandwa. Jirani yake ni "sina budi", maana budi kwa asili ni njia ya kuepukia. Huna budi, huna pa kutokea.

Sharti linatoka kwingine kabisa. Mzizi wake una maana ya kuchanja. Mtazame anayeumika: kwanza hubandika chombo juu ya ngozi kavu, akaacha dakika chache mpaka nyama itune na damu ikusanyike, hubandua, akachanja juu juu mikato midogo midogo, kisha hurudisha chombo pale pale kivute damu. (Akizamisha wembe, hajui kazi.) Ule mchanjo kwa Kiarabu ni shartwa, na ndilo neno lililomo kwenye hadithi ya Mtume katika kitabu cha Bukhari, inayotaja ponyo katika vitu vitatu: asali, kuumika na kuchoma kwa moto. Mchanjo huacha alama, ndipo dalili za Kiyama zikaitwa ashratu, na askari polisi wa Waarabu wakaitwa shurta, watu waliojitia alama wajulikane. Alama ikawa mpaka: hapa ndipo jambo linapoanzia, kabla ya hapa bado halijawa.

Shuruti ni wingi wa sharti huko huko Kiarabuni. Sisi tumechukua umoja na wingi kama maneno mawili, kisha tukajitengenezea wingi wetu, masharti. Kutokana na shuruti tukapata kushurutisha, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana kushurutisha kweli kuna nguvu ndani yake. Lakini ni nguvu ya aina yake. Inasimuliwa kwamba Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyepanda anyang'anywe shamba. Huko ndiko kushurutisha: "ukitaka" bado imo, ila bei ya kutotaka imepandishwa mpaka hapana awezaye kuilipa.

Kiingereza nacho kina lake. Kitenzi chao "compel" kimetokana na Kilatini, na asili yake ni kuswaga pamoja, kama ng'ombe wanavyoswagwa. Penye kuswaga pana mwenye bakora, na kwetu mwenye bakora yumo ndani ya "-isha": amenilazimisha, tena yupo na anajulikana. Tatizo ni kwamba Waingereza wameshakikabidhi bakora hiyo kila kitu, hata mvua na hali ya uchumi, na watafsiri wetu wakafuata. Ndipo tunaposikia kwenye habari "mvua iliwalazimisha wavuvi kurudi pwani". Mvua haimlazimishi mtu. Iliwalazimu warudi. Kuna na kinyume chake, kibaya zaidi: "nimelazimika kusaini", ilhali aliyemsimamia kichwani anajulikana kwa jina. Kulazimika humficha mtu huyo. Kama yupo, sema amekulazimisha.

Wajibu nao unaonewa, na hapa makosa yana gharama. Asili yake ni kuanguka; Sura ya Hajj, aya ya 36, hutumia mzizi huo kwa ubavu wa ngamia aliyechinjwa unapoanguka chini. Wajibu ni kilichokuangukia. Tofauti yake na sharti inajulikana pale unapokosekana: sharti likikosekana, jambo halipo, wajibu ukikosekana, jambo lipo na deni lipo.

Tizama ndoa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Unguja na Pemba, nguzo zake, yaani yale ambayo bila ya hayo hapana ndoa, ni tano: mume, mke, walii (msimamizi wa mke), mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari haimo. Kila siku watu husema "mahari ni sharti la ndoa", na maana ya sentensi hiyo ni kwamba mahari isipotajwa hapana ndoa. Si kweli. Ndoa inasihi, na wakishaingiliana mume hudaiwa mahari ya mfano, yaani inayopimwa kwa walivyoolewa wanawake wa upande wa babake mke, kama dada na mashangazi zake. Mahari ni wajibu. Anayeiita sharti hudhani anaipandisha daraja, kumbe anampa mwanamme mjanja mlango wa kusema kwamba ndoa haikuwa, na hivyo hadaiwi. Semeni mahari ni wajibu, deni libaki shingoni mwake.

Na kwa waandika matangazo ya milangoni: "Ni sharti kuvua viatu" haina mtu ndani yake wala haina "ukitaka". Sharti hupenda kitenzi chenye mtu, kama kwenye methali, sharti ainame. Andikeni "Anayeingia sharti avue viatu". Apitaye njia na viatu vyake hamumdai kitu.